Jicho Moja Msimu wa Salfa

Asubuhi, kabla daktari hajafungua chumba chake, mimi huwa naziba watu macho. Mgonjwa anakaa kwenye kiti nyuma ya mstari mwekundu uliopakwa sakafuni, mimi nasimama ubavuni kwake, namziba jicho moja kwa kiganja cha kushoto, na mkono wa kulia unashika kitochi cha mwanga mwekundu, kile wanachochezea watoto, naelekeza kwenye ubao ulio mwisho wa korido. Ubaoni kuna alama moja tu iliyorudiwa mara nyingi, kubwa juu, ndogo chini, imegeuzwa huku na huku. Wenyewe wanaiita E. Mimi naiita kitana, maana wazee wetu wengi hawakusoma, na hata waliosoma, uzee ukifika herufi zinawakimbia. Nawauliza meno ya kitana yanaangalia wapi, nao wananyoosha mkono: juu, chini, huku, kule.

Mwanzoni mgonjwa alikuwa anajiziba mwenyewe. Tuliacha kwa sababu ya kuchungulia. Dereva wa lori la bandarini anachungulia kwa kuogopa leseni yake. Mtoto anachungulia kwa sababu ni mtoto. Wazee wanachungulia kwa adabu, kwa kuwa umewauliza kitu na wanaona vibaya kukuacha bila jibu. Nakumbuka bibi mmoja kutoka Mikindani, jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho mweupe kabisa, ukungu ule unaoziba mboni, lakini alitaja vitana vyote mpaka mstari wa nne.

"Bibi, unachungulia."

"Sichungulii, mjukuu wangu. Vidole vyangu ndivyo vimekonda."

Tangu hapo nikaanza kutumia kiganja changu. Kiganja changu hakijakonda. Kimelima, kimefua, kimesonga ugali wa watu watatu tangu nikiwa msichana wa kidato cha pili, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini na mimi nikarudisha vitabu vya shule. Nyuma yangu kulikuwa na wawili: mdogo wangu wa kiume anayenifuata, na kitinda mimba ambaye alikuwa bado anabebwa.

Hospitalini niliingia kwa kufagia. Kitengo cha macho waliniomba baadaye, kwa sababu wagonjwa wa vijijini walikuwa wanaelekezwa kwa Kiswahili cha haraka na wanaitikia tu, na mimi naweza kuwaeleza kwa Kimakonde kitana ni nini na kwa nini tunawaziba. Mengine nilifundishwa na daktari wetu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliyehamishiwa Mtwara kutoka Kagera. Alinifundisha kuosha mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, kuvuta kope la chini na kudondosha dawa humo bila ncha ya kichupa kugusa kitu. Alinifundisha pia kwamba mimi sisemi ugonjwa. Mimi naandika kilichoonekana, yeye anasema ugonjwa.

Siku za kawaida foleni yetu inajulikana. Kuna wavuvi wa Mnazi Bay wenye kinyama kinachotambaa kutoka kwenye weupe wa jicho kuelekea katikati, kwa miaka mingi ya jua na upepo wa chumvi. Kuna watoto wenye mzio wanaojisugua mpaka ngozi ya kope inakuwa nyeusi. Kuna wenye chokea, kuna walimu wanaosogeza gazeti mbali mpaka mkono unaisha, hao wanapewa miwani ya kusomea na wanaondoka wakicheka. Na kuna wale wa presha ya macho, ambao hawaumwi popote, hawana wekundu, ila wanaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Hao ndio daktari anaongea nao kwa muda mrefu kuliko wote, kwa kuwa ni vigumu kumfanya mtu atie dawa maisha yake yote kwa jicho lisilomuuma.

Halafu unakuja msimu wa salfa.

Kwetu mikorosho ikianza kuchanua, maua yanashambuliwa na ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga, na usipopulizia salfa maua yanakauka na kuanguka, huna korosho mwaka huo. Watu wanaamka alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza, wanabeba mashine mgongoni na kupuliza unga wa manjano juu ya miti, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka maua yamefunga. Salfa inaingia puani, kwenye nguo, kwenye mboga. Macho yanawasha kijiji kizima. Hakuna anayeshangaa kumwona mwenzake na macho mekundu, ni kama kumwona na jembe begani.

Daktari wetu msimu wake wa kwanza alidhani umezuka ugonjwa wa macho mekundu unaoambukiza. Wagonjwa wakamwambia ni salfa. Jumamosi moja akaomba apelekwe shambani aone, na Jumatatu akaja kazini na macho mekundu kuliko ya wagonjwa.

"Sasa nimeelewa," alisema, huku anajipangusa. "Lakini mmeona? Yangu yote mawili. Huu ni unga unaoruka hewani, hauchagui jicho. Atakayekuja na jicho moja tu jekundu, hata akisema ni salfa, msimwache aondoke mpaka nimemwona."

Likawa swali letu la mlangoni. Mtu akifika na kusema "Nimekuja na salfa yangu," namuuliza, "Moja au mawili?" Wa mawili anaoshwa macho kwa maji mengi safi, anapewa dawa ya kutuliza na kuambiwa avae miwani ya kujikinga, asiyoivaa. Wa moja anaingia kwanza.

Mdogo wangu wa kiume hakusikia swali hilo kwa sababu hakuja hospitalini. Yeye alibaki kijijini, upande wa Msimbati, kwenye mikorosho ya wazee wetu, akiishi na shangazi. Mimi na kitinda mimba tulikuwa Mtwara mjini, mtaa wa Magomeni, vyumba viwili. Mikorosho ile ndiyo iliyokuwa inamsomesha kitinda mimba, na mdogo wangu alijiona ndiye mwenye mikorosho, sawasawa, kwa kuwa ndiye aliyeamka alfajiri.

Alikuja mjini siku moja mchana katikati ya msimu, nyuma ya bodaboda, amevaa miwani nyeusi. Aliingia ndani, akakaa, akaomba maji, miwani ikabaki usoni.

"Dada, nimekuja kununua plagi ya mashine tu. Narudi leo leo."

"Na hiyo miwani?"

"Jua."

"Tuko ndani."

"Ndani kwako kuna jua, dada. Bati lako lina matundu."

Kitinda mimba alikuwa ametoka shule, anabadili sare. "Kaka amekuwa msanii," alisema. "Tuombe picha naye?"

Niliivua miwani ile kwa mkono wangu. Alifumba haraka, akageuza uso kuukimbia mwanga wa dirishani, na machozi yakamtoka jicho la kushoto. Nilimwambia afumbue. La kulia lilikuwa na wekundu kidogo wa salfa, wa kawaida. La kushoto lilikuwa limeiva, kope limevimba, na kwenye kioo cha jicho, karibu na katikati, palikuwa na doa la kijivu, dogo kama punje ya ulezi.

"Lina muda gani hili?"

"Salfa hiyo. Itaisha na msimu."

"Salfa imelipenda la kushoto peke yake?"

"La kulia lina bahati." Kisha akaona sicheki. "Dada, kweli, lilikuwa limepona kabisa. Tulitia dawa ya timu, wekundu ukaondoka siku ileile. Limerudi juzi tu."

Ikabidi anieleze dawa ya timu. Wapuliziaji wa kijijini kwetu wanafanya kazi kwa zamu, majirani wenye mashine mbili, wanapulizia shamba la huyu, kesho la yule. Kwenye kifuko kimoja wanaweka spana, plagi ya akiba, kamba, na kichupa kimoja cha dawa ya macho. Ikifika jioni kila mmoja anadondosha tone lake na kumpa jirani. Hakuna anayekumbuka nani alianza. Kichupa kikiisha, anayekwenda mjini anabeba kile kitupu dukani, anasema, "Nipe kama hiki." Wanakipenda kwa sababu kinaondoa wekundu upesi kuliko dawa nyingine yoyote.

Alikuwa nacho mfukoni, cha kuonyesha dukani. Nikakichukua.

"Twende hospitali sasa hivi, daktari bado yupo."

"Kesho alfajiri tunaanza mzunguko wa tatu kwetu. Maua yamefunguka yote, dada. Tukiruka huu mzunguko, tumekwisha. Acha nipulizie, nikimaliza nakuja mwenyewe, wallahi."

"Kesho nitapulizia mimi."

Akacheka mpaka jicho likamuuma, akalishika. "Wewe? Mashine itakuangusha."

"Wewe nilikubeba mgongoni mpaka ukaota meno."

"Mie sikuwa na injini."

"Ulikuwa nayo. Ilikuwa inalia usiku kucha."

Kitinda mimba alikuwa ameshasimama mlangoni na viatu vya kaka yake mkononi. Tukaenda.

Koridoni nilimkalisha kwenye kiti kama mgonjwa yeyote. Alikuwa hajawahi kuniona kazini. "Kumbe wewe ndiye daktari wa mlangoni," alisema, akaanza kujiziba mwenyewe jicho la kulia kabla sijamgusa. Nikamwacha kwanza. Akataja kitana kikubwa, akataja mstari wa pili, akataja wa tatu bila wasiwasi, na niliona vidole vyake viwili vimeachana.

Nikautoa mkono wake, nikaweka wangu.

 Niliweka mwanga kwenye kitana kikubwa cha juu kabisa, kile ambacho mtu anaweza kukiona akiwa nje ya jengo.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Kipo."

"Sikioni, dada."

Nilimwendea mbele, nikanyoosha vidole. Alivihesabu nilipokuwa karibu kiasi cha kumgusa pua. Nikaandika hivyo kwenye kadi yake. Nilikuwa nimeshaandika hivyo kwenye kadi nyingi za watu, na nilijua kwa kawaida daktari husema nini akisoma.

Daktari alimkalisha kwenye mashine ya kuwekea kidevu. Alilowesha karatasi nyembamba ya rangi ya chungwa, akaigusisha ndani ya kope la chini, akawasha mwanga wa bluu. Kioo cha jicho kikiwa kizima, rangi hiyo hupita na machozi na kupotea. Kikiwa na kidonda, rangi inang'ang'ania palepale na kung'aa kijani. Alitazama kwa muda, kisha akanipisha nitazame. Kidonda kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokiona kwa macho, na kingo zake hazikuwa laini, zilichanuka kama manyoya ya ndege.

"Kuna kitu kilikupiga hapa?" alimuuliza. "Kijiti, jani, mdudu?"

"Hapana, mama. Ni salfa tu."

Nilimpa daktari kichupa cha timu. Alisoma maandishi yake, akakiweka mezani.

"Sikiliza, kijana wangu. Hiki ni kidonda, na nadhani kimeingiwa na fangasi, maabara itatuambia. Dawa ya kichupa hiki ina kazi yake, lakini siyo kwenye kidonda kama hiki. Inaondoa wekundu na maumivu kwa kulilaza jicho usingizi. Jicho likishalala, fangasi anakula bila kusumbuliwa."

"Sasa litapona?"

"Kikikubali dawa, kidonda kitafunga na kuacha kovu. Utaona, siyo kama zamani, lakini utaona. Kikikataa, kioo kitatoboka, na hapo nitakuwa nahangaika kuokoa umbo la jicho tu, kuona kutakuwa kumekwisha. Siwezi kukudanganya kwamba sasa hivi najua itakuwa lipi kati ya hayo."

Mdogo wangu alitazama mikono yake. "Basi nipeni dawa nikatie kulekule shambani."

"Inatiwa kila saa. Huko shambani nani atakutilia?"

"Timu."

"Timu imeshakutilia vya kutosha," daktari alisema.

Alimtia ganzi ya matone, akakwangua kidogo ukingo wa kidonda kwa ncha ya sindano, akapaka kwenye kipande cha kioo kwa ajili ya maabara. Mdogo wangu alishika ukingo wa meza, hakutikisika. Akalazwa siku hiyo. Mimi nikaomba ruhusa ya siku chache zilizokuwa zimebaki kwenye likizo yangu, nikamwachia kitinda mimba kazi ya kupita wodini akitoka shule, nikapitia duka la vifaa vya ujenzi kununua miwani ya plastiki ya mafundi, ile inayofunika macho pande zote, nikapanda bodaboda ileile iliyomleta mdogo wangu.

Shangazi alinipokea uani. "Mwenye macho umemwacha wapi?" Nikamweleza. Akakaa kwenye kinu, akasema Mungu atajalia, kisha akainuka kunitafutia suruali ya mdogo wangu na kamba ya kuifungia.

Alfajiri timu ilipokuja, mkuu wao, jirani yetu ambaye alimzika baba, alinitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye ile miwani ya plastiki.

"Jamani, mzamiaji wa Mnazi Bay amepotea njia!"

Wakacheka. Nikawaamkia, nikawaambia mwenye shamba amelazwa na kwa nini, na kwamba mzunguko huu nabeba mashine mimi.

"Kwa salfa?" mmoja alisema. "Tungelazwa wote!"

"Haya, ninyi macho yenu moja au mawili?"

Wakatazamana, wakakaguana kwenye mwanga ule wa alfajiri kama watu wanaotafutana chawa. Yote yalikuwa mawili.

"Yeye moja," nikasema.

"Na kichupa chetu kiko wapi?" aliuliza mkuu wa timu.

"Kwa daktari."

"Kwani naye yanamwasha?"

Mashine ilikuwa nzito kweli, na injini inakutikisa mpaka meno. Lakini kazi yenyewe inafundishika. Unashika bomba kwa mkono wa kulia, unalielekeza juu, na macho yako yanafuata bomba, kwa kuwa lazima uone wingu la salfa limefika kwenye maua ya kileleni. Kwa hiyo unatembea umeinua uso na umegeukia kulia. Upande wa kushoto wa uso wako ndio unaotangulia, na huutazami. Matawi ya chini ya mikorosho yetu ni ya zamani, yana vijiti vikavu vilivyoning'inia. Nilikuwa kwenye mstari wa tatu wa miti kitu kilipogonga plastiki, tak. Sikuumia, kwa hiyo nikasikia. Niliendelea. Baadaye tena, tak. Nilipofika mwisho nikaivua miwani: palikuwa na mikwaruzo mirefu mbele ya jicho la kushoto, na la kulia halikuguswa.

Niliwaonyesha wakati tunakunywa uji.

"Vijiti?" mkuu wa timu alisema. "Vijiti vinatuchapa kila siku. Utasema umepigwa na kijiti?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya mdogo wangu kujibu hapana. Hakumficha daktari. Jicho linawaka salfa toka alfajiri, kijiti kikikugusa unahesabu yote kuwa salfa, unapangusa, unasonga kwenye mti unaofuata. Nilikaa na bakuli la uji nikamsikiliza mkuu wa timu anavyoendelea kunitania, na jicho lake la kushoto lilikuwa na kovu dogo jeupe pembeni, la zamani, ambalo nilikuwa nimeliona tangu utotoni bila kuliuliza.

Tulipomaliza shamba letu nikarudi mjini. Nikamwambia daktari habari ya vijiti. Aliitikia kwa kichwa, akasema maabara nayo imeshajibu, ni fangasi, na fangasi wa namna hiyo mara nyingi anaingia na kijiti au jani. Ndivyo alivyokuwa amekisia tangu mwanzo, lakini sasa alikuwa na uhakika wa dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa shida. Kichupa kilichokuwepo kilikaribia kuisha, vingine vililetwa na basi kutoka Dar, na kwa kuwa ni matone ya kila saa kichupa hakikai. Manesi walikuwa wanatia kwa zamu zao, mimi natia nikipata nafasi kati ya foleni, kitinda mimba anatia jioni huku simu yake inalia kengele na yeye anamsomea kaka yake kwa sauti somo la bayolojia, sehemu ya jicho, apende asipende.

"Kwa hiyo mboni ni tundu tu?" kaka yake alimuuliza siku moja.

"Ni tundu tu."

"Na mimi nimekaa naitunza kumbe tundu."

Kwanza hali ilikuwa mbaya zaidi. Ndani ya jicho, nyuma ya kioo, ulijikusanya usaha mweupe ukakaa chini kama maziwa yaliyobaki kwenye glasi. Daktari alikuwa anachora kwenye faili kila asubuhi, duara la jicho, kidonda na kimo cha ule weupe, na kimo kilipanda. Mdogo wangu hakuhitaji kuona mchoro, alisoma uso wangu.

"Mzunguko wa nne ni lini?" aliniuliza.

"Wiki hii."

"Kama jicho linakwenda, dada, liache liende nikiwa kwangu. Mikorosho isiende nalo."

"Mikorosho naipulizia mimi. Wewe lala hapo."

"Unaniambia kama mtoto."

"Mtoto ningembeba."

Aligeukia ukutani. Nikavuta kope lake la chini, nikadondosha tone, nikashika saa yangu. Sikutaka kumwahidi kitu ambacho daktari mwenyewe hakukiahidi. Ijumaa nilikwenda shambani tena na miwani yangu ya mikwaruzo.

Niliporudi nilimkuta amekaa kitandani ametazama dirishani, jicho la kushoto wazi. Siku zote lilikuwa linaukimbia mwanga. Sikumuuliza kitu, nikaenda kumwita daktari. Kimo cha usaha kilikuwa kimeshuka. Siku zilizofuata kikaendelea kushuka, na kingo za manyoya zikaanza kuwa butu. Matone yakapunguzwa, yakaendelea kupunguzwa, akaruhusiwa kulala Magomeni na kuja kliniki kwa miguu, akilalamika kwamba kitanda cha wodini kilikuwa bora kuliko mkeka wangu.

Asubuhi ya kupimwa mara ya mwisho kabla ya kurudi kijijini alikaa kwenye foleni kama wengine. Mbele yake kulikuwa na watu wa salfa, wote wa mawili, na mama mwenye mtoto wa mzio. Zamu yake ilipofika alikaa kwenye kiti, akaweka mikono yake magotini bila kuambiwa.

Niliziba jicho la kulia. Nililisikia kope lake likichezacheza chini ya kiganja changu, kama vile lilivyokuwa nikimnawisha uso akiwa mdogo naye hataki.

"Dada."

"Nini?"

"Mkono wako unanuka salfa."

"Jana nimemaliza mzunguko wa mwisho. Tazama ubaoni."

Nikawasha kitochi kwenye kitana kikubwa. Akanyoosha mkono kulia. Sawa. Mstari wa pili akaonyesha juu, kisha kushoto. Sawa zote. Mstari wa tatu akakawia.

"Pale pana ukungu."

"Usikisie."

"Sikisii." Alisogeza kidevu kidogo, akatafuta upande ambao kovu halikufika. "Meno yanaangalia chini."

Yalikuwa yanaangalia chini. Nikasogeza mwanga kwenye mstari wa nne. Akasogeza kidevu tena huku na huku, nami nikasubiri bila kuuondoa mkono.

"Hapo sioni, dada."

"Basi."

Niliandika mstari wa tatu kwenye kadi, nikampeleka ndani. Daktari alilitazama kovu, akasema kidonda kimefunga vizuri na kuona kwake kutaishia hapo, na kwamba sasa la kulia alitunze kama mtu mwenye moja. Mdogo wangu akamshukuru, akaomba arudishiwe kichupa cha timu akawaonyeshe. Daktari akampa, kimefungwa plasta nyekundu kwenye mdomo.

Kabla hajaondoka alirudi koridoni, akanyoosha mkono. Nilijua anataka nini. Nikafungua droo, nikampa ile miwani ya plastiki. Aliivaa hapohapo, akautazama ubao kupitia mikwaruzo.

"Hii haionyeshi kitu," alisema. "Nitanunua mpya."

Alitoka nje nayo usoni, na mlinzi wa getini nikamsikia akimuuliza kama anakwenda kuzamia. Kwenye kiti alikuwa ameshakaa mzee mmoja, amejiziba jicho kwa vidole vyake, yuko tayari. Nikanawa mikono, nikautoa mkono wake, nikaweka wangu.